Pima Nne za Ukili

Jumanne, Ramadhani 1

Chungu cha kwanza kimepita salama. Tumefungua kwa tende tatu tatu na uji, kisha muhogo wa nazi. Watoto wote watatu wamefunga, hata huyu kitinda mimba wangu wa miaka 7, ambaye tangu adhuhuri alikuwa akitoka barazani kulitazama jua na kurudi ndani kimya kimya.

Baba yao amerudi jana kutoka Nungwi na begi lake lote. Hoteli inafunga kwa masika, kama zifanyavyo nyingi za huko kaskazini, na mara hii wameambiwa wapumzike mpaka Juni. Hakusema mengi. Alinipa bahasha, tukakaa kitandani tukahesabu: kodi, umeme, mchele wa mwezi mzima, zaka ya fitri kwa vichwa 6 pamoja na Bibi, pishi moja kwa kila kichwa. Vitambaa vya nguo za watoto nilishanunua tangu Rajabu, alhamdulillahi. Kilichobaki kwa ajili ya sikukuu ni shilingi 70,000. Nimezitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikauweka juu ya kabati.

Mwaka jana tulitumia zaidi ya mara tatu ya hizo. Nusu yake ilikwenda kwenye taa za rangi zilizozima sikukuu pili, na maboksi ya chokoleti kwa mawifi na majirani. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia neno juu ya chokoleti ile, na mimi mwenyewe sikumbuki ilikuwa ya namna gani. Lakini wifi yangu wa Jang'ombe bado anakwenda sokoni na kikapu nilichomshonea mwaka nilioposwa. Kimebadilishwa mikono mara mbili, na anacho.

Nimemwambia baba watoto: mwaka huu kitakachotoka nyumba hii kwenda nyumba nyingine kitapita kwanza mikononi mwetu. Akaniangalia kidogo, akasema, "Basi nami nipe kazi."

Ijumaa, Ramadhani 4

Baada ya sala nimekwenda Mwanakwerekwe na binti yangu mkubwa. Tumenunua mzigo wa ukindu kwa 6,000 kwa bi mkubwa mmoja wa shamba, na vipakiti viwili vya rangi, nyekundu na zambarau. Bi mkubwa yule aliufungua mzigo bila ya kuombwa, akatuchagulia yale makindu machanga ya ndani, akamshika binti mkono na kumwambia, "Haya, mwanangu, hayakuvunjikii."

Kuchana ndiko kunakomshinda mtoto kwanza. Jani unalipasua kwa ukucha wa kidole gumba, unateremka nalo taratibu mpaka nchani, na kila chane iwe sawa na mwenzake. Moja ikizidi unene, ukili unakunjamana. Moja ikipungua, unaacha tundu. Binti alichana zake kama 20, akazitazama, akazitupa zote uani. Sikumwambia kitu. Alikaa, akavuta mzigo, akaanza tena. Miaka 14, na ana kiburi kizuri cha kutotaka kazi mbovu.

Anataka kumsukia Bibi kawa. Lile alilonalo limetoboka juu, na Bibi anakula polepole, anatafuna, anapumzika, anafunika sahani, anasema kisa, anafunua tena. Macho yake yamefunga mwaka wa sita sasa, kwa hivyo nzi akitua haoni. Kawa dogo la sahani moja, kwa ukili mwembamba wa upana wa kidole gumba, linataka pima nne. Pima moja ni shibiri 8, basi shibiri 32. Akisuka moja na nusu kila siku atamaliza kabla ya kumi la mwisho kwisha, na mimi nitamwonesha kushona.

Anasema iwe siri. Bibi analala chumba cha uani, hatua 6 kutoka pale anaposukia. Jioni hii hii, binti akiwa kwenye shibiri ya kwanza, sauti ikatoka chumbani kama inayojisemea peke yake: "Ukindu huo haujalowa vya kutosha. Nausikia unalia."

Jumanne, Ramadhani 8

Mwanangu wa kiume na baba yake wamepewa taa za barazani. Walianza jana usiku baada ya tarawehe. Vifaa vyake havikutuuma: chelewa za ufagio mkuukuu, uzi wa kushonea magunia, na karatasi ya shashi ya rangi nne, 2,000 tu kwa jumla.

Nimekaa nikiwatazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Baba yao utotoni alikuwa bingwa wa tiara Kikwajuni, na mkono haujasahau. Anazipitisha chelewa juu ya mvuke wa birika mpaka zilegee, anazikunja, anazifunga kwa uzi wa kupishana. Ukiifunga mbichi au ukiilazimisha ikiwa kavu, usiku inafyatuka. Wamefanya nyota tatu na mwezi mchanga mmoja mkubwa kama ungo. Mwezi umewatesa, kwa sababu pembe zake mbili lazima zivutwe na uzi usioonekana, ama sivyo unafumbuka na kuwa kama upinde.

Gundi ni unga wa ngano uliopikwa kwa maji mpaka ung'ae. Mwaka mmoja nilipokuwa msichana mende walizila nyota zetu zote usiku mmoja, hivyo leo nimetia matone ya mafuta ya makonyo yaliyobaki kwenye kichupa, yale ya Pemba. Nyumba nzima inanukia karafuu. Ndani ya taa hatutii mshumaa, karatasi ya shashi haisubiri. Tutaweka vitochi vidogo vya betri ambavyo tunavyo tangu umeme ulipokuwa ukikatika.

Baba watoto alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, chelewa mbili mdomoni, akimwonesha mwanawe fundo. Siku 8 hizi sijamsikia akiitaja hoteli.

Jumamosi, Ramadhani 12

Siku mbaya. Naandika nikiwa bado na harufu ya kuungua kwenye nywele.

Niliazimia kupika udi wa zawadi: vijichupa 6, kwa mawifi watatu, mama mkwe, na majirani wawili. Udi wa kupika watu wa mji huu wanaujua thamani yake, na ukiununua tayari bei yake inakata mkono. Nilichukua 14,000 kutoka kwenye mkebe: vipande vya udi, sandali ya unga, mafuta ya miski, marashi. Sukari ya nyumbani, robo kilo.

Unachemsha sukari na marashi kwa moto wa makaa yaliyotulia mpaka shira iwe nzito. Hapo unatia udi uliopondwa na sandali, unakoroga bila ya kuacha. Ikianza kuushika mwiko unaepua, na mafuta unayatia nje ya moto, kwa kuwa moto unaila harufu. Yote hayo nayajua. Nimeyafanya zaidi ya mara kumi nikiwa na Bibi pembeni. Leo Bibi alikuwa amelala, mlango ukabishwa, nikatoka na mwiko mkononi kupokea sahani ya jirani, tukaulizana hali, akaniambia habari ya mgonjwa wake. Niliporudi shira ilikuwa imepita. Nyeusi, chungu, inatoa moshi mkali. Nilikuwa nimeshatia udi wote ndani. Mafuta tu ndiyo yaliyopona.

Niliijaribu kwenye chetezo, nikitaraji. Ilinuka sukari iliyoungua na si kingine. Sufuria nzima nimeimwaga chini ya mpapai.

Nimelia jikoni, saumu mdomoni. 14,000 katika 70,000 si kitu kidogo. Bibi aliamka akaniita, akaninusa mkono, akasema, "Sufuria umeikosha?" Nikamwambia bado. "Kaikoshe basi. Ikilala na masizi, na wa pili utaonja hayo hayo."

Alhamisi, Ramadhani 17

Fundi cherehani wa nyumba ya nne amenipa mfuko mzima wa vipande. Siku hizi anashona usiku na mchana nguo za sikukuu za mtaa mzima, na sakafu yake imejaa mabaki ya hariri, ya vitenge, ya kanzu, ya lesi. Nilitaka kumlipa, akakataa. Aliniambia tu nimpelekee visheti.

Nimeshona vipochi 9. Asubuhi ya sikukuu watoto wa mji huu wanapita mlango kwa mlango kupeana mikono na kudai pesa zao za sikukuu, kisha wanakwenda kuzimaliza Kariakoo kwenye mabembea na Mnazi Mmoja kwenye koni na vichezeo. Kila mwaka mmoja wao analia kwa sarafu zilizoanguka mfukoni. Kipochi cha kamba kinavaliwa shingoni. Nimevifanya vya bitana, kwa kuwa kitambaa kimoja kinachanika kwa uzito wa sarafu, na mdomoni nimepitisha kamba mbili zinazovutwa kila moja upande wake. Ukivuta zote mbili, hata ukikipindua hakimwagiki.

Watatu wangu, wanne wa wifi. Wawili waliobaki ni wa jirani yangu wa ukutani, ambaye mumewe alifariki Mfungo Tisa. Hivyo vyao nimevichagulia vipande vizuri kuliko vyote: cha mvulana kitambaa cha koti la suti chenye mstari mwembamba wa kijivu, cha msichana hariri ya rangi ya embe. Katika kila kipochi nitatia sarafu moja ya 500 iliyo mpya, ili mtoto asianze safari na mfuko mtupu. Jumla 4,500. Nimemwomba mwenye duka anibadilishie sarafu zinazong'aa, na amezitafuta kwa moyo mmoja.

Jumapili, Ramadhani 20

Kumi la maghfira linaondoka. Binti yuko pima mbili na nusu.

Nimeupima ukili wake usiku wa kuamkia leo akiwa amelala. Shibiri za mwanzo zinakwenda kama njia ya ng'ombe. Baadaye zinanyooka, na tangu pima ya pili ukingo wake umekuwa mzuri sana, rangi nyekundu inaingia na kutoka mahali pake. Ila jana alikuwa na homa kidogo na akasuka hivyo hivyo, nikaona mahali amekosea chane moja na kosa likajirudia shibiri nzima. Alikuwa ameliona mwenyewe. Alilala akiwa na ukili mkononi na machozi yamekauka shavuni.

Nilifumua ile shibiri, nikaisuka upya kwa mwanga wa simu. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Sikuwa nimesuka tangu yeye azaliwe, nilidhani nimesahau. Nimefuata mkono wake kadiri nilivyoweza, nimelegeza pale anapolegeza.

Asubuhi aliutazama, akanitazama mimi, akauchukua akaendelea. Hatukusema kitu.

Alhamisi, Ramadhani 24

Kofia ya mwanangu inanitia hofu. Niliianza Rajabu, kofia ya kiua, nyeupe juu ya nyeupe, na nilijua ni kazi ya miezi. Unatoboa kitambaa kwa sindano nene, unakizungushia kitobo uzi mwembamba kwa mishono iliyobanana, na hicho ni kiua kimoja. Kofia nzima inavyo mamia. Ya mashine unaipata Darajani kwa bei ya kilo chache za mchele, na kwa mbali zinafanana. Ukiisogeza machoni, ya mashine vitobo vyake vimefumba nusu. Hewa haipiti, na kichwa kinatoka jasho. Ya mkono inapumua. Anatimiza miaka 12 na anaanza kufuatana na baba yake kwenye Sala ya Idi, safu za mbele. Nataka awe nayo.

Juu nimemaliza. Ukanda wa pembeni umebaki robo, upande wa nyuma. Nikipata siku 6, nitaumaliza siku ya 29 na siku ya 30 nitaitia wanga na kuikausha juu ya bakuli.

Jumamosi, Ramadhani 26

Udi umekubali. Safari hii nilimwomba Bibi akae jikoni juu ya mbuzi ya kukunia, na mlango tukaufunga kwa komeo. Nimenunua udi nusu ya ule wa kwanza, sandali kidogo, nimetumia mafuta yale yale yaliyopona. Vichupa havitakuwa 6, vitakuwa 4, vidogo. Mawifi wawili watapata visheti.

Bibi haoni moto wala rangi ya shira. Alikuwa akisikiliza. Povu la mwanzo linachemka kwa sauti nyembamba ya haraka. Shira ikikaza, mapovu yanakuwa makubwa na yanapasuka moja moja, pwa, pwa. "Sasa tia," akasema. Baada ya muda: "Epua." Mimi ningesubiri kidogo zaidi. Niliepua. Tone nililolitia kwenye maji baridi likajikusanya laini kama nta. Nikatia mafuta, nikafunika kwa sahani na kitambaa. Utalala humo mpaka sikukuu, harufu ziingiane.

Vichupa ni vya jemu na achali, vimechemshwa, vifuniko vimevalishwa duara za kanga. Na hapo binti amefanya jambo ambalo sikulifikiria. Amekata kanga yangu kuukuu mahali penye maandishi, akaweka neno moja moja juu ya kila kifuniko. Cha mama mkwe kimepata neno "mama".

Ukili umetimia pima nne. Kesho tunashona.

Jumatatu, Ramadhani 28

Visheti tangu alfajiri. Unga kilo 2, samli, tui zito la nazi mbili, iliki. Watoto wanakata, mimi nakaanga, baba watoto kwenye shira. Shira ya visheti usiigeuze mapema; unaivuta kati ya vidole viwili, na uzi ukisimama bila ya kukatika ndipo unapovimwaga na kuvigeuza kwa haraka mpaka sukari ivivae nyeupe na kukauka. Alivigeuza kwa nguvu hata jasho likamtoka, na vimetoka vikavu, kila kimoja peke yake.

Tumevifungasha kwenye vipakacha vidogo ambavyo mwanangu amevisuka kwa makuti mabichi, juu tumetandika jani la mgomba lililopitishwa motoni. Cha kwanza kimekwenda kwa fundi cherehani.

Kwenye mkebe zimebaki 11,300. Mvua imepiga mchana kutwa, na taa za shashi tumezisogeza ndani zaidi ya baraza. Kawa limefika nusu. Kofia, bado vidole viwili na nusu.

Jumanne, Ramadhani 29, usiku

Mwezi umeandama. Tangazo la Mufti limetukuta kwenye mkeka, baada ya kufuturu, na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha kwa pamoja. Takbira zimeanza msikitini. Kitinda mimba anaruka kitandani, na mimi nimesimama katikati ya chumba nikiwa na sindano mkononi.

Siku ya 30 niliyoitegemea haipo.

Asumini nilikusudia kuichuma kesho alasiri, maua yakiwa yamefumba, niyatunge jioni. Usiku yanafunguka, na lililofunguka halikai kwenye uzi, alfajiri limeshakuwa rangi ya chai. Jirani yangu wa ukutani ndiye mwenye mti. Nilipobisha alikuwa tayari na tochi na bakuli, eda yake juu yake, amefunga kanga nyeusi. Tumechuma pamoja, mimi natafuta na yeye anamulika, tukiyaacha yote yaliyochanua na kuokota yale machache yaliyofumba bado, chini chini, upande usiopigwa na taa ya njia. Hatukuzungumza ila "hapa", "na hapa". Tumepata nusu bakuli. Kwa mrihani na petali za mawaridi zimetosha vikuba 7. Kimoja nilitaka kumwachia, akasema mwenye eda hajipambi, mpe Bibi.

Nilipogeuka kuondoka nikampa vipochi viwili. Alikishika kile cha mstari wa kijivu akakipitisha kidole kwa muda mrefu. Suti ya namna ile mumewe alikuwa nayo. Sikuwa nimelifikiria hilo, na nikaanza kuomba radhi. Alinishika mkono akanizuia.

Sasa ni saa nane. Hina ya watoto imekauka, wamelala mikono wameifunga vitambaa. Binti anashona duru ya mwisho ya kawa, simwambii akalale. Mimi na kofia. Kidole kimoja na nusu kimebaki na hakitakwisha, hilo nimelikubali. Nitaiosha, nitaitia wanga, nitaikausha kwa pasi.

Jumatano, Mfungo Mosi 1

Idi Mubaraka.

Walitoka asubuhi baba na mwana, kanzu mbili nyeupe. Nilimwambia mwanangu ukweli, kwamba nyuma kuna mahali hapana viua, na kwamba asione haya. Akaivua, akapatafuta, akaiweka tena kichwani akaigeuza pale wazi pawe mbele, juu ya paji la uso. Nikamwuliza kwa nini. "Ili wewe upaone, usisahau kunimalizia." Baba yake akacheka, wakaenda.

Taa zimekesha. Mwezi wa chelewa umening'inia katikati ya baraza, na kila anayepita anasimama. Mtoto mmoja wa mtaa wa pili ameuliza zinauzwa wapi, na mwanangu sasa ana miadi ya kuwafundisha watatu.

Mama mkwe alifungua kichupa chake pale pale, akaagiza makaa. Chetezo kikazunguka nyumba nzima, chini ya makanzu, chini ya mabaibui. Akasoma lile neno juu ya kifuniko na akakitia kichupa kwenye mkoba, hakukiacha mezani pamoja na zawadi nyingine.

Mchana, nyumba ilipotulia, binti alimpelekea Bibi pilau. Aliweka sahani, akaifunika kwa kawa, akarudi nyuma mpaka mlangoni niliposimama mimi.

Bibi alinyoosha mkono kufunua, mkono ukasita. Akaliweka kawa mapajani. Alianza kileleni, pale ukili unapozaliwa, akateremka nao kwa kidole cha shahada, duru kwa duru, bila ya haraka, kichwa ameinamisha upande mmoja kama anayesikiliza redio ya mbali. Pilau lilikuwa linapoa.

"Hapa ulikuwa huijui kazi," akasema. Akaendelea. "Hapa ulikuwa na njaa, umevuta sana." Binti alinishika kanga. Kidole kikazunguka. "Hapa umepata. Hapa, mashaallah." Duru nyingine, na nyingine. Kisha kikasimama, kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena mahali pale pale, urefu wa shibiri moja.

"Hapa si mkono wako."

Binti alifungua mdomo kusema, Bibi akamwinulia kiganja.

"Mkono huu naujua, niliufundisha mimi," akasema, na uso wake akaugeuzia mlangoni, upande wangu hasa. "Zimebaki chane?"

"Zimebaki, Bibi. Nyingi."

"Kesho ziloweke. Ziloweke usiku kucha, zisilie." Akafunua sahani, akala tonge mbili, akafunika.